Mistari Myeusi Kwenye Pakiti Inasema Nini?

Ndugu msomaji, kabla hujaendelea, tafuta nyumbani kwako pakiti moja ya kiwandani. Inaweza kuwa pakiti ya majani ya chai, dawa ya meno, au biskuti za watoto. Igeuze huku na huku. Upande mmoja utaona kisanduku cheupe chenye mistari myeusi iliyosimama wima. Mingine ni myembamba, mingine ni minene. Chini yake kuna namba ndefu.

Umeiona? Basi, hayo nayo ni maandishi. Ila hayakuandikwa ili wewe na mimi tuyasome. Yameandikwa ili yasomwe na mashine.

Katika darasa letu moja, mama mmoja aliyefuzu hatua ya nne aliuliza hivi: "Mwalimu, mimi sasa nasoma barua, nasoma gazeti, nasoma na kibao cha zahanati. Mbona hii mistari siiwezi?" Wenzake walicheka. Lakini swali lake lilikuwa zuri, na halina jibu la sentensi moja. Leo tunalijibu.

Kwanza tujue jina. Kwa Kiswahili cha vitabuni mistari hiyo huitwa msimbomilia, yaani msimbo wenye milia, kama ile ya punda milia. Madukani watu wengi husema barkodi. Neno hili lisikutishe. Hapa "kodi" si kodi ya serikali wala kodi ya nyumba. Ni neno la kigeni lenye maana ya msimbo, yaani alama ambazo watu wamekubaliana maana yake.

ALAMA SI JAMBO GENI KWETU

Watu wa Tabora wamejua kuweka alama tangu zamani. Mfugaji nyuki akitundika mzinga porini, huuchora alama yake. Mtu mwingine akipita chini ya mti huo akaiona, anajua mzinga huu ni wa fulani. Mwenye ng'ombe naye huweka alama sikioni au ubavuni, ili hata wakichanganyika na wa jirani mtoni, kila mtu amjue wake.

Sasa angalia jambo moja. Alama ya mzinga haisemi mzinga una asali kiasi gani. Haisemi asali itauzwa shilingi ngapi. Inasema tu: huu ni wa fulani. Ukitaka kujua mengine, nenda kamwulize mwenyewe. Shika jambo hilo vizuri. Tutalirudia tukifika kwenye bei za dukani.

Tukumbuke pia njia ya misafara. Katika karne ya 19 njia hiyo ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Tabora, kisha ikaendelea mpaka Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba vitambaa, shanga na nyaya kwenda bara, na pembe za ndovu kwenda pwani. Katika njia hiyo hiyo binadamu wenzetu pia walipelekwa utumwani. Mzigo wa pagazi mmoja ulikuwa na uzito wa kilo 30 hivi. Kutoka pwani mpaka Tabora msafara ulichukua miezi mitatu, au hata zaidi.

Sasa jiulize. Tajiri aliye Unguja ametuma mizigo mia moja kwenda Ujiji. Atajuaje kama imefika yote? Misafara iliyokuwa na mtu wa kuandika iliweka alama na namba juu ya mizigo, na ikaandika katika daftari kilichomo. Lakini daftari moja halisemezani na lingine. Mzigo ukishaondoka Bagamoyo, tajiri alibaki kungoja habari. Habari nazo zilikuja kwa miguu.

Mfano wake upo katika historia. Dk. David Livingstone, msafiri kutoka Uskoti, alitumiwa mali kutoka Unguja ziende zikamngoje Ujiji. Alipofika Ujiji mwezi Oktoba 1871, akiwa mgonjwa na amechoka, hakukuta kitu. Mtu aliyekabidhiwa mali hizo alikuwa amekwisha kuziuza zote. Waliozituma hawakuwa na habari. Mwaka uliofuata, kuanzia Februari mpaka Agosti 1872, Livingstone alikaa Kwihara, karibu na mji wa Tabora, akingoja wapagazi na vifaa vingine. Nyumba ya tembe aliyokaa imehifadhiwa kama makumbusho.

Tatizo la wakati ule ndilo tatizo la kila mwenye mali mpaka leo: mzigo wangu uko wapi, ni wa aina gani, na umebaki kiasi gani? Barkodi ilitengenezwa ili kujibu maswali hayo upesi.

NANI ALIANZISHA BARKODI?

Barkodi ilianza Marekani. Mwaka 1948 mwenye maduka makubwa ya vyakula alikwenda kwenye chuo kimoja cha ufundi katika mji wa Philadelphia. Aliomba wataalamu watafute njia ya kusoma habari za bidhaa haraka pale mteja anapolipa. Mwanafunzi mmoja, Bernard Silver, aliyasikia maneno hayo. Akamweleza rafiki yake, Norman Joseph Woodland.

Woodland alikuwa amejifunza alama za simu ya telegrafu tangu utotoni. Wazee waliofanya kazi reli wanazijua alama hizo. Kila herufi huandikwa kwa nukta na vistari: nukta fupi, kistari kirefu. Siku moja akiwa amekaa ufukweni mwa bahari, Woodland alichora nukta na vistari hivyo mchangani kwa vidole. Kisha akavivuta kuelekea chini. Nukta zikawa mistari myembamba. Vistari vikawa mistari minene. Wazo likawa limezaliwa.

Waliomba hati ya uvumbuzi mwaka 1949, wakapewa mwaka 1952. Lakini wazo hilo lilikaa bila kutumika kwa miaka mingi. Kwa nini? Kwa sababu wakati ule hapakuwa na taa nzuri ya kusomea mistari, na kompyuta zilikuwa kubwa kama nyumba na za bei ya kutisha. Wazo lilikuwapo, vyombo havikuwapo. Ni sawa na kuwa na mbegu nzuri katikati ya kiangazi.

Baadaye mwanga wa leza ukapatikana, na kompyuta zikawa ndogo. Mtaalamu mwingine, George Laurer, akachora mistari ya namna tunayoiona sasa. Tarehe 26 Juni 1974, katika duka moja la mji wa Troy, jimbo la Ohio, pakiti ya ubani wa kutafuna ilipitishwa juu ya mashine. Mashine ikasoma. Bei ilikuwa senti 67. Hiyo ndiyo bidhaa ya kwanza kuuzwa dukani kwa mistari ya namna hii.

MASHINE INASOMAJE?

Hebu fikiri umesimama juani mchana. Umevaa shati jeusi, mwenzako amevaa jeupe. Nani atasikia joto zaidi? Wewe wa shati jeusi. Rangi nyeusi humeza mwanga. Rangi nyeupe huurudisha.

Mashine ya kusomea, iitwayo skana, hutumia jambo hilo hilo. Kazi yake inakwenda hivi:

1. Skana inamulika mistari kwa mwanga, mara nyingi mwekundu.

2. Mwanga ukiangukia mstari mweusi, unamezwa. Ukiangukia nafasi nyeupe, unarudi kwenye skana.

3. Skana inapima: mwanga umerudi, haukurudi, umerudi, haukurudi. Inapima pia upana wa kila mstari na wa kila nafasi.

4. Vipimo hivyo vinageuzwa kuwa tarakimu, yaani 0 mpaka 9. Mwisho inapatikana namba ile ile uliyoiona chini ya mistari.

5. Namba inapelekwa kwenye kompyuta ya duka. Hapo ndipo jina la bidhaa na bei hutafutwa.

Kazi yote hiyo humalizika kabla hujapepesa jicho. Mlio wa "pii!" ni ishara kwamba mashine imesoma.

Kila tarakimu ina mchoro wake. Nafasi ya tarakimu moja imegawanywa sehemu saba ndogo zilizo sawa. Sehemu hizo hupakwa nyeusi au huachwa nyeupe. Kwa mfano, sifuri ya upande wa kushoto huchorwa hivi: sehemu tatu nyeupe, mbili nyeusi, moja nyeupe, moja nyeusi. Hesabu: tatu na mbili ni tano, na moja ni sita, na moja ni saba.

Pembeni zote mbili, na pale katikati, utaona mistari miwili miwili iliyo mirefu kidogo. Hiyo haina tarakimu. Ni kama vigingi vya mpaka wa shamba. Inaiambia mashine: anzia hapa, hapa ni katikati, hapa ni mwisho. Tarakimu za kushoto na za kulia huchorwa kwa namna tofauti. Ndiyo maana mwuzaji akipitisha pakiti kichwa chini miguu juu, mashine bado inasoma sawasawa.

TARAKIMU YA MWISHO NI MLINZI

Namba ya bidhaa iliyo ya kawaida hapa kwetu ina tarakimu 13. Tarakimu 12 za mwanzo hutambulisha bidhaa. Ya 13 ni mlinzi. Kazi yake ni kugundua makosa.

Tuchukue namba ya mfano tu: 620123456789. Hizo ni tarakimu 12. Mlinzi wake ni nani? Chukua kalamu, tufanye hesabu pamoja.

Kwanza, jumlisha tarakimu ya kwanza, ya tatu, ya tano, ya saba, ya tisa na ya kumi na moja:
6 + 0 + 2 + 4 + 6 + 8 = 26

Pili, jumlisha tarakimu ya pili, ya nne, ya sita, ya nane, ya kumi na ya kumi na mbili:
2 + 1 + 3 + 5 + 7 + 9 = 27

Tatu, zidisha jumla hiyo ya pili kwa tatu:
27 × 3 = 81

Nne, jumlisha yote:
26 + 81 = 107

Tano, uliza: niongeze ngapi ili nifike kwenye kumi kamili inayofuata? Kutoka 107 mpaka 110 ni 3. Basi mlinzi ni 3. Namba nzima ni 6201234567893.

Sasa tuseme mistari imechubuka, na mwuzaji anaandika namba kwa mkono. Kwa haraka anageuza 6 na 7, anaandika 6201234576893. Kompyuta inafanya hesabu ile ile. Safari hii inapata 105, hivyo mlinzi angekuwa 5. Lakini imeandikwa 3. Kompyuta inakataa. Mlinzi huyo hakamati kila kosa la kugeuza tarakimu, lakini hukamata mengi. Tarakimu moja ikikosewa, atakamata daima.

Jaribu nyumbani kwa namba iliyo kwenye pakiti yako. Ikiwa ni ya tarakimu 13 na umehesabu vizuri, utapata tarakimu ya mwisho ile ile. Ukimaliza utakuwa umemjibu yule mama wa darasani: mistari huwezi kuisoma kwa macho, lakini hesabu yake unaiweza.

BEI HAIMO KWENYE MISTARI

Hapa tunarudi kwenye mzinga. Tulisema alama ya mzinga haitaji kiasi cha asali. Vivyo hivyo, barkodi ya kawaida haina bei ndani yake. Mistari inataja namba tu. Bei imeandikwa katika kompyuta ya duka hilo. Ndiyo maana sabuni ile ile, yenye mistari ile ile, inaweza kuwa na bei moja Tabora mjini na bei nyingine Nzega.

Kwa nini jambo hili ni muhimu kwako? Kwa sababu ni nadra mashine kukosea kusoma, lakini mtu anaweza kukosea kuandika bei, au akasahau kuibadilisha. Tuseme kwenye rafu kibandiko kinasema sukari ni shilingi 3,000. Ukifika kulipa, kompyuta inasema 3,400. Wengi wetu hunyamaza. Tunaona aibu. Tunafikiri mashine haiwezi kusema uongo.

Ndugu, mashine inasema ilichoambiwa na mtu. Ukiona tofauti, sema kwa upole: "Samahani, kule kwenye rafu nimesoma elfu tatu." Ni haki yako kuuliza. Umejifunza kusoma kwa kazi kama hiyo.

Ukipewa risiti, usiikunje haraka. Angalia mambo matatu:

(a) Kila kitu kilichoandikwa, je, umekichukua? Pakiti moja ikipitishwa mara mbili, utalipa mara mbili.

(b) Bei iliyoandikwa ndiyo uliyoiona kwenye rafu?

(c) Jumla ni sawa? Na chenji je?

NAMBA 620 NI NINI?

Tarakimu tatu za mwanzo zinaonyesha namba hiyo iliandikishwa wapi. Namba zinazoanza na 620 zimeandikishwa Tanzania. Za Kenya huanza na 616. Kitabu mara nyingi huanza na 978. Ukiwa na kitabu kilichochapishwa hapa nchini, tazama jalada la nyuma. Baada ya 978 mara nyingi utaona 9976 au 9987. Hizo ni za vitabu vya Tanzania.

Namba hizi hazijitungii mtu. Kuna chama cha dunia nzima, GS1, kinachozigawa ili bidhaa mbili zisipewe namba moja. Hapa kwetu kazi hiyo hufanywa na GS1 Tanzania. Kabla hakijaanzishwa, wazalishaji wetu waliohitaji namba walizitafuta nje ya nchi.

Lakini uwe mwangalifu. Watu husema, "Ukiona 620, bidhaa imetengenezwa Tanzania." Si lazima. Namba inaonyesha mahali ilipoandikishwa kampuni, si mahali bidhaa ilipotengenezwa. Ukitaka kujua imetengenezwa wapi, soma maneno: "Imetengenezwa na..." Yanaandikwa kwa herufi za kawaida, na wewe sasa unazisoma.

ASALI YETU NA MISTARI

Misitu ya miyombo ya Sikonge, Urambo, Kaliua na Uyui inatoa asali inayojulikana. Lakini asali nyingi hutoka kijijini kwenye ndoo na madumu. Mnunuzi huipeleka mjini, huichuja, huitia kwenye chupa nzuri na kubandika karatasi. Bei inapanda. Faida ya hapo haimfikii aliyepanda mtini usiku na moshi.

Kikundi kikitaka kuuza chenyewe kwenye maduka makubwa, kitaulizwa: "Je, mna barkodi?" Duka linalouza kwa kompyuta haliwezi kuuza kitu kisicho na namba, au litaona ni usumbufu. Basi, kikundi kinachojiandaa kijue haya:

1. Kikundi kiandikishwe kwanza kisheria. Kisha kiombe namba zake GS1 Tanzania. Kuna ada ya kulipa, na huduma hiyo hulipiwa kila mwaka. Ulizeni kiasi kabla ya kuchapa lebo.

2. Kila ujazo una namba yake. Chupa ya nusu kilo ina namba moja, ya kilo moja ina nyingine. Msitumie namba moja kwa zote, kwa maana kompyuta itazitoza bei moja.

3. Msichukue namba ya bidhaa nyingine mkainakili. Skana itasoma, ndiyo, lakini kompyuta itataja sabuni ya mtu mwingine badala ya asali yenu.

4. Chapeni mistari myeusi juu ya karatasi nyeupe. Msitumie mistari myekundu. Mwanga wa skana ni mwekundu, na rangi nyekundu huurudisha kama nyeupe. Macho yenu yataona mistari, mashine haitaona kitu.

5. Acheni nafasi nyeupe kushoto na kulia kwa mistari. Karatasi isikunjamane, na mistari isifungwe kuzunguka chupa nyembamba. Sehemu iliyopinda sana haisomeki.

6. Jalibuni lebo moja kwenye skana ya duka kabla ya kuchapa elfu moja.

Kumbukeni pia kwamba barkodi si cheti cha ubora. Asali yenye maji au iliyochanganywa sukari inaweza kubandikwa mistari mizuri kabisa. Ubora unathibitishwa na Shirika la Viwango, TBS, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo linalosimamia usalama wa chakula pia. Mistari humtambulisha mwenye mali. Uaminifu wake utauona kwenye asali.

NDUGU YAKE: ALAMA YA MIRABA

Siku hizi kuna alama nyingine. Haina mistari. Ni mraba uliojaa vimiraba vidogo vyeusi na vyeupe, kama mkeka uliosukwa. Huitwa QR. Ilivumbuliwa Japani mwaka 1994 katika kampuni ya Denso Wave, ili kufuatilia vipuri vya magari kiwandani. Mistari inabeba habari kwa upana tu. Miraba inabeba kwa upana na kwa urefu. Kwa hiyo inachukua habari nyingi zaidi, na simu yenye kamera inaweza kuisoma.

Utaikuta wapi?

Kwenye risiti za mashine za kodi, ili mtu aweze kuhakiki kwamba risiti ni ya kweli.

Kwenye stempu za kielektroniki za Mamlaka ya Mapato. Stempu hizo zilianza Januari 2019 kwa sigara, mvinyo na pombe kali. Tumbaku ya Tabora ikishakuwa sigara, pakiti yake hubandikwa stempu hiyo.

Kwenye tiketi za treni ya umeme, iliyoanza kubeba abiria kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro mwezi Juni 2024. Reli ya zamani ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na kwa miaka mingi tiketi ilikaguliwa kwa macho na kutobolewa.

Kwenye maduka, pale mteja anapolipa kwa simu.

Na kwenye mifuko ya mbolea ya ruzuku. Mpango huo ulianza msimu wa 2022/2023. Mkulima anaandikishwa, anapewa namba yake, na wakala anasoma alama ya mfuko kwa simu wakati wa kuuza. Shabaha ni kwamba mfuko wa ruzuku umfikie mkulima aliyeandikishwa, usivushwe mpaka au kuuzwa kwa bei ya juu. Ni swali lile lile la Ujiji: mzigo umefika kwa mwenyewe?

JIHADHARI

Alama nzuri ikiingia mikononi mwa mtu mbaya, huleta hasara. Kwa hiyo:

1. Namba yako ya ruzuku usimwachie mtu "akusaidie" ukiwa haupo. Mfuko ukisomwa kwa namba yako, kumbukumbu zitasema umeupata wewe, hata kama hukuuona. Simama pale pale, hesabu mifuko, soma ujumbe unaoingia kwenye simu yako.

2. Ukilipa kwa alama ya miraba, soma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Mwizi anaweza kubandika alama yake juu ya alama ya duka. Jina likiwa si la duka, acha.

3. Usisome kwa simu yako kila alama unayoiona ukutani. Nyingine hukupeleka kwa matapeli.

4. Mistari ya kawaida kwenye pakiti haitaji tarehe ya mwisho wa matumizi. Tarehe hiyo huchapwa kwa tarakimu za kawaida mahali pengine kwenye pakiti. Itafute. Kwa dawa na vyakula vya watoto, usinunue bila kuisoma.

Ndugu msomaji, mashine ina jicho lake, na wewe una lako. Jicho la mashine linasoma mistari tu. Halijui kama sukari imeloa, kama tarehe imepita, au kama bei iliyoandikwa ni ya haki. Kazi hiyo ni ya mwenye kusoma na kuuliza.

MANENO MAPYA

Barkodi au msimbomilia: mistari inayobeba namba ya bidhaa.
Skana: mashine inayosoma mistari kwa mwanga.
Tarakimu: alama moja ya namba, kuanzia 0 mpaka 9.
Lebo: karatasi inayobandikwa juu ya bidhaa kuitambulisha.
Kuhakiki: kuhakikisha kwamba kitu ni cha kweli.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Kwa nini bidhaa yenye mistari ile ile inaweza kuwa na bei mbili katika maduka mawili?
2. Tarakimu 12 za mwanzo ni 620000000001. Tafuta tarakimu ya 13.
3. Je, kijiji chetu kina bidhaa inayoweza kuuzwa kwa lebo yake yenyewe? Tunahitaji nini ili tuanze?
4. Mwenzetu amelipishwa zaidi ya bei aliyoisoma kwenye rafu. Afanye nini?
5. Wazee wetu walitumia alama gani kwa mizinga, mifugo na mazao? Waulizeni, mziandike katika daftari la kikundi.